Mtoto Mchanga Huketi Lini?

Siku ya kupima watoto hapa Babati, akina mama huketi bega kwa bega kwenye mabenchi, kila mmoja na kadi mkononi na mtoto mapajani. Hapo husikika Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi na Kiswahili, lakini swali ni moja: "Wako ana miezi mingapi? Ameketi?" Mama asikiapo kwamba mtoto wa jirani ameketi, na wake aliye na umri ule ule bado aanguka, hurudi nyumbani na huzuni. Pengine dada mtu, aliyeachiwa kumlea, hulaumiwa kuwa hamwangalii vema. Kwa kuwa wengi wenu ndio mbebao wadogo zenu mtokapo shuleni, yafaa mjue jinsi mtoto akuavyo.

Mtoto azaliwapo si gogo, ijapokuwa aonekana kulala tu. Mguse shavu kwa kidole, naye atageuza kichwa na kufungua kinywa akitafuta titi. Mtie kidole kiganjani, atakishika kwa nguvu ya ajabu. Macho yake huona vizuri vitu vilivyo karibu, kadiri ya sentimita 20 hadi 30, na huo ndio umbali uliopo kati ya uso wa mama na uso wa mtoto anyonyapo. Yapata wiki ya 6 humtazama mtu na kumjibu tabasamu. Kabla ya hapo alitabasamu usingizini, lakini hakuwa akimjibu mtu.

Tangu hapo nguvu hushuka mwilini kutoka juu: kwanza shingo, kisha mabega na mikono, kisha kiuno, na mwisho miguu. Mtoto haketi kabla shingo yake haijakaza. Shingo hukaza mwezi wa 3 au wa 4, na kwa sababu hiyo ambebaye mtoto aliye mdogo kuliko huyo sharti amkinge kichwa. Karibu na wakati huo mikono huanza kunyoshwa kukamata vitu, na kila kikamatwacho hupelekwa kinywani. Kisha mtoto hujipindua, halafu huketi.

Lakini lini hasa? Shirika la Afya Duniani liliwachunguza watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote wenye afya na malezi mema, na mwaka 2006 likatoa hesabu zake. Kuketi bila kushikwa kulionekana kati ya miezi 4 na miezi 9. Kutembea peke yao kulionekana kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Tazameni upana wa nafasi hiyo! Mmoja amekwisha kukimbilia mlangoni, mwenzake wa umri ule ule bado ashika ukuta, na wote wawili ni wazima. Wala kutambaa si lazima, maana wapata wanne katika kila mia hawakutambaa kwa mikono na magoti. Mwanangu wa pili alijikokota kwa makalio hata suruali zake zikatoboka, kisha siku moja akasimama akaenda.

Liko jambo jingine. Katika miaka ya 1950, mtaalamu Mfaransa Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga wa Kampala, akaona kuwa wamewatangulia wenzao wa Ulaya. Wako waliodhani kuwa ni habari ya damu. Baadaye Mmarekani Charles Super alikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za juu za Kenya, akaandika habari zake mwaka 1976. Aliona kuwa akina mama wa huko huwafundisha watoto kuketi. Huchimba kishimo kidogo ardhini, au hukunja blanketi, wakamketisha mtoto humo mgongo wake upate kuegemea. Watoto hao waliketi kama mwezi mmoja kabla ya wale wa Marekani. Lakini katika kutambaa, ambako hawakufundishwa vile, hawakuwatangulia. Basi haikuwa damu. Ilikuwa mazoezi.

Nanyi mwaweza kumzoeza mdogo wenu. Awapo macho, mlaze kifudifudi juu ya mkeka, nawe ukae karibu. Atajitahidi kuinua kichwa akuone. Wakati wa kulala alazwe chali. Zungumza naye, na atoapo sauti, mjibu, kwa maana hivyo ndivyo ajifunzavyo kusema. Na tangu mikono yake ianzapo kukamata, ondoeni sarafu na punje za maharagwe mkekani, tena jiko la mkaa na birika la chai viwe mbali naye.

Lakini kuna kuchelewa kusikopasa kungojwa. Mtoto wa miezi 3 asiyefuata uso wa mtu kwa macho, au asiyeshtuka kwa kishindo. Wa miezi 4 ambaye kichwa chake chaning'inia bado. Wa miezi 9 asiyeweza kuketi: mwambieni mama ampeleke kwa mganga wa kliniki. Na yule aliyeweza jambo jana, leo haliwezi tena, apelekwe siku ile ile, asingojee siku ya mzani.