Mchezo na Mwili wa Mtoto (3): Anaposimama

Wiki iliyopita tulimwacha mtoto kifudifudi mkekani, akihangaika kuinua kichwa ili shingo na mgongo vikakamae. Leo anasimama.

Hapo ndipo wazazi huanza kuhesabu miezi. Wa jirani katembea ana miezi 9, wetu katimiza mwaka na bado kang'ang'ania kochi! Msiwe na wasiwasi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Oman na Ghana zikiwamo, na mwaka 2006 likatoa matokeo: kutembea bila kushikwa huja wakati wowote kati ya miezi 8 na 18 hivi. Kinachoniudhi mimi ni kile kigari cha magurudumu anachotumbukizwa mtoto ili “awahi”. Hakimuwahishi. Humo anajisukuma kwa ncha za vidole, miguu yake haioni, wala haanguki. Na kuanguka kwa makalio ndiko kunakomfundisha kujimudu. Kanada ilipiga marufuku vigari hivyo mwaka 2004, hasa kwa sababu ya watoto kuporomoka navyo ngazini.

Akishatembea, mwachieni uwanja. Mtazame wa miaka mitano katikati ya rede, mpira wa soksi ukimjia: anainama, anaruka, anageuka hewani, anatua kwa mguu mmoja, anayumba, anasimama. Ndani kabisa ya sikio mna mirija myembamba yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo husogea na ubongo ukapata habari mwili umeelekea wapi. Kila akitua, kishindo hupanda mfupani, na mfupa unaopata vishindo vya namna hiyo mara kwa mara hujiongezea uimara. Maziwa huleta malighafi tu. Kazi yenyewe inafanywa na miguu.

Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 ajishughulishe kwa dakika 180 kwa siku, walau 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho. Si lazima ziwe mfululizo. Anayeishi ghorofani na apande ngazi kwa miguu yake, acheze muziki sebuleni, akimbizane koridoni. Mwongozo huohuo haupendi mtoto afungwe kitini, au mgongoni, kupita saa 1 kwa mara moja. Naam, mbeleko nayo imo, mabibi mtanisamehe.

Wiki ijayo ni zamu ya mikono: mdako, tope na kalamu.