Mkopo wa Chuo Kikuu na Umaskini Usio na Cheti



Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, simu kutoka nyumbani Tanzania huongezeka. Salamu hazichukui muda. Hufuata habari ya mtoto fulani aliyefaulu, aliyepata nafasi chuoni, na ambaye hajui kama Bodi ya Mikopo itamkumbuka. Wengi wetu hapa Uingereza tumezoea kuzijibu simu hizo kwa kutuma fedha. Leo ningependa tuutazame utaratibu wenyewe, kwa kuwa fedha tunazozituma nazo zimo ndani yake.

Sisi tuliosoma Mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulilipiwa na Serikali ada, chakula na malazi, na juu ya hayo tukapewa posho. Ni kweli kwamba tulikuwa wachache mno. Uchangiaji wa gharama uliingia katika miaka ya 1990, kisha Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Zanzibar nayo ina bodi yake. Mkopo wa Bodi ya Muungano hulipwa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara. Deni lenyewe silipingi. Hata ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikilivimbisha kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Ninachouliza ni nani anayelipata.

Bodi haina macho ya kuingia katika kila nyumba, kwa hiyo husoma karatasi. Yatima huleta cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Mwenye ulemavu huleta fomu iliyotiwa saini na mganga mkuu. Aliye katika kaya inayosaidiwa na TASAF huonyesha namba yake. Vigezo hivyo ni vya haki, nami nisingependa hata kimoja kifutwe. Lakini umaskini wa nyumba nyingi hauna cheti. Baba aliyeihama nyumba yake miaka kumi na tano iliyopita, asijulikane alipo, hana cheti cha kifo. Mwanawe, aliyelelewa kwa maandazi ya mama yake, machoni pa fomu ni mtoto mwenye wazazi wawili.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Kwa miaka mingi ada ya sekondari imekuwa mojawapo ya mizani za kupimia uwezo wa mwombaji. Tuseme binti amelipiwa shule ya binafsi na mjomba wake anayefanya kazi ya usiku katika ghala hapa Uingereza. Mjomba akiugua au akipoteza kazi, ufadhili umekwisha. Lakini kumbukumbu ya ada ile hubaki, nayo husema kwamba nyumba ina uwezo. Jasho la mjomba halimo katika fomu. Lipo hata hivyo jambo linaloweza kumsaidia binti: mwombaji aliyefadhiliwa hutakiwa kuambatisha uthibitisho wa ufadhili huo. Ni watoto wangapi wanaokaa na barua hiyo mkononi? Sisi wafadhili tunazo risiti za benki, ila kuandika barua huona haya, kana kwamba tunajitangazia wema.

Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ipo pia Samia Skolashipu, inayowalenga waliofaulu zaidi masomo ya sayansi katika kidato cha sita. Niliipokea kwa furaha ya mwalimu. Ila alama ya mtihani hubeba ndani yake maabara, vitabu na mwalimu wa fizikia aliyekuwapo au asiyekuwapo. Aliyejifunza majaribio ya kemia kwa kuyachora ubaoni hakukimbia mbio zile zile na mwenzake. Wapo watakaonitajia Kisimiri, shule ya Serikali iliyo chini ya Mlima Meru, iliyoongoza nchi nzima katika kidato cha sita mwaka 2016. Nawavulia kofia walimu wake. Lakini shule ya namna hiyo tunaijua kwa jina kwa sababu ni adimu. Lau ningeulizwa, ningetenga sehemu ya nafasi hizo kwa waliofanya vizuri zaidi katika kila wilaya, hata wakiwa nyuma ya wale wa shule maarufu.

Kabla hayo hayajatokea, familia zetu zina kazi ya karibu. Mtoto aliyezaliwa hapa akarudishwa kusoma nyumbani, au ambaye mzazi wake alifia ughaibuni, huhitaji barua ya uthibitisho kutoka RITA, au kwa Wazanzibari kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Vyeti vya asili vya huku mara nyingi vimo katika masanduku yetu, wala nyumbani hawana nakala. Vitafuteni sasa na kuvituma, pamoja na barua ya ufadhili yenye tarehe na kiasi, mtoto angali kidato cha tano. Dirisha la maombi likishafunguliwa, siku ni chache, na posta haina haraka.