Mtaa Kwanza, Nyumba Baadaye

Mume apatapo kazi Nairobi, swali la kwanza nyumbani Mombasa huwa ni kodi. Ni swali la haki. Lakini yeye atashinda kazini. Mtaa watashinda nao mama na watoto, na haja zao ndizo zifaazo kutangulizwa.

Eastleigh, au Islii, ina misikiti, vyuo na nyama ya halali kila hatua, ila zogo la biashara halipoi. South C ni tulivu zaidi, nayo misikiti inayo, wala haiko mbali na eneo la viwanda. Kodi yake ndiyo nzito. Majengo ya Pumwani ni makazi ya Waislamu tangu miaka ya 1920. Mgeni wa Pwani hupata huko wa kusema naye Kiswahili, ijapokuwa nyumba zimesongamana.

Nenda ukautazame mtaa wakati wa Magharibi: binti atarudi chuoni kwa njia ipi, na je, ina taa? Maji muulize jirani, usimuulize wakala. Nairobi mitaa mingi hupata maji ya mfereji kwa zamu, na penye tangi dogo utanunua kwa mitungi, tena kila siku ya udhu, kufua na kupika.

Ikiwa hakuna nafasi ya kwenda mapema, mume na atangulie apange chumba kwa mwezi mmoja. Mama aje achague kwa macho yake kabla amana haijalipwa, na watoto wahamishwe muhula ukiisha.