Mtumishi Apewe Likizo Yake Kabla ya Mtihani

Sisi watu wa visiwani tukilisikia jina la Sumbawanga hucheka kwanza, kisha ndipo huuliza habari. Jina lenyewe watu hulifasiri kuwa ni amri ya kutupa uchawi, na mzaha juu ya mji huo umeenea nchi nzima. Ndugu zetu wa Pemba wasicheke sana, maana mzaha huo huo hutupiwa wao kila wavukapo bahari. Lakini leo hatukukusudia kuandika habari za uchawi. Liko jambo jingine linaloifananisha Sumbawanga na Wete au Micheweni, nalo ni taabu ya mtumishi anayejitayarisha kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu hali yuko kazini siku zote za juma.

Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Kutoka hapo hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 1,100. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma (CCM ilikuwa haijazaliwa), ikaazimia kwamba kijana amalizapo sekondari asipande moja kwa moja chuo kikuu. Afanye kazi kwanza, na wale aliofanya nao kazi wamshuhudie kuwa anafaa. Masharti hayo yalilegezwa baadaye na mwishowe yakaachwa, lakini wazo lililokuwa ndani yake halikufa. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mtihani wa kuwapokea watu wazima, na katika miaka ya karibuni Tume ya Vyuo Vikuu imesimamia mtihani wa kutambua maarifa ambayo mtu ameyapata nje ya darasa. Maana yake ni moja: Taifa limekiri kwamba kazi nayo ni shule.

Limekiri hivyo kwa maneno. Saa za kusoma halikuzitoa.

Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilicho chini ya milima ya Mbizi. Huamka alfajiri katika baridi ambayo sisi tunaovaa koti kwa ajili ya harusi tu hatuijui, hasa miezi ya Juni na Julai. Saa moja na nusu yuko darasani. Jioni hubeba madaftari ya wanafunzi kwenda kuyasahihisha nyumbani. Mvua zianzapo mwezi wa Novemba shamba nalo humwita, kwani Ufipa ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi, na mtumishi asiyeshika jembe atanunua kwa mshahara wake chakula ambacho jirani yake amekitoa ardhini. Yote hayo yakiisha ni saa tatu ya usiku. Hapo ndipo anapofungua kitabu, kwa taa ya sola au mshumaa. Mjini penyewe umeme kwa miaka mingi uliletwa kutoka Zambia, kwa kuwa gridi ya Taifa ilikuwa haijafika. Nasi hatukusahau kwamba Pemba ilingoja hadi mwaka 2010 kupata waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Ama muuguzi mwenye zamu ya usiku na watoto wa kulea mchana, yeye hata hiyo saa tatu hana.

Mtu wa namna hii hahitaji kupewa zawadi. Anayo haki yake tayari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini sheria hiyo hiyo humwachia mwajiri kupanga likizo hiyo iwe lini, na hapo ndipo fundo lilipo. Karani ambaye mtihani wake uko mwezi ujao aweza kupangiwa likizo miezi minne baadaye, akakaa nyumbani akiwa hana tena cha kusomea. Kwa mwalimu, likizo kwa desturi huangukia shule zifungwapo. Mtihani usipokuwa karibu na wakati huo, atauingia akitoka kufundisha jana yake, pengine baada ya safari ya basi ya siku nzima ikiwa kituo cha mtihani kiko nje ya mkoa. Mtahiniwa wa Micheweni naye ana safari yake, na bahari haina haraka ya mtu.

Twalijua jibu la mkuu wa kazi. Atasema shule yake ina walimu wachache, na akiondoka mmoja darasa lake halina mtu. Neno hilo si la uongo, na anayelidharau hajapata kusimama mbele ya watoto tisini peke yake. Moyoni ana hofu ya pili, asiyoisema: kwamba huyu akifaulu hatarudi tena Ufipa. Hofu hiyo imepunguzwa kwa sehemu na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Chuo hicho kina kituo mkoani Rukwa, kama kilivyo na vituo Unguja na Pemba, na mwanafunzi wake husoma akiwa bado kazini. Kwa anayekwenda kusoma mbali hatuna dawa. Ila twajua kuwa kumnyima wiki tatu za kusoma hakumfungi mtu kijijini. Ataondoka kwa uhamisho, tena kwa kinyongo.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa utumishi wa Rukwa, na wa Unguja na Pemba vilevile, wapangapo likizo za mwaka wamwulize kila mtumishi kama ana mtihani, na wampe siku zake katika majuma yaliyo mbele ya mtihani huo. Kwa walimu, wakuu wa shule wapatane mapema nani atashika darasa la nani, hata kwa siku kumi tu. Hazina haitatoa senti moja zaidi, maana siku hizo ni za mtumishi tangu mwanzo. Na barua ya mtahiniwa aombaye likizo ijibiwe kwa maandishi, kabla ya siku ya mtihani.