Mafuta ya Bangi: Usiongeze Tone Kabla ya Wakati

Mgonjwa anayeanza tiba ya bangi huuliza kwanza kama itamsaidia. Nami namrudishia swali lingine: unajua itaanza kufanya kazi baada ya muda gani? Dawa ni ileile, lakini njia inayopitia kuingia mwilini ndiyo inayoamua itakolea saa ngapi na itakaa mpaka lini. Wengi wanaoumia siku za mwanzo huumia kwa kutolijua hilo.

Nawaandikia hasa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Tanzania walioko Isipingo, Afrika Kusini, maana hapa sheria imelegea kuliko nyumbani na ni rahisi kudhani kila kitu ni ruksa. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ilimruhusu mtu mzima kuitumia, kuwa nayo na kuilima faraghani kwa ajili yake mwenyewe. Mei 2024 Rais Cyril Ramaphosa akatia saini sheria ya matumizi binafsi. Biashara haikuruhusiwa. Chupa ya mafuta ya bangi unayouziwa mtaani hakuna aliyeipima. Dawa yenye THC, kile kiini kinacholevya, hutolewa kwa cheti cha daktari, na ikiwa haijasajiliwa, daktari huomba kibali SAHPRA, mamlaka ya dawa ya nchi, kwa jina la mgonjwa husika. CBD, ambayo hailevyi, huuzwa bila cheti ikiwa haizidi miligramu 20 kwa siku na 600 kwa pakiti.

Sasa turudi kwenye njia za kuitumia. Tuanze na moshi, kwa kuwa ndio unaojulikana zaidi. Ukivuta, THC hufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache, hukolea kabla ya nusu saa, na baada ya saa mbili hadi nne imekwisha. Wepesi huo unavutia mtu mwenye maumivu, lakini siwezi kuushauri. Moshi wa bangi una lami na gesi ya sumu kama wa tumbaku, na kipimo chake hakijulikani. Tena sisi tunaishi kusini mwa Durban, kwenye ukanda wa viwanda ambako watafiti walikuta pumu kwa wingi miongoni mwa watoto wa shule ya msingi kule Merebank. Vifua vyetu vimeshabeba vya kutosha. Kuna vifaa vinavyopasha maua ya bangi joto bila kuyachoma, mgonjwa akavuta mvuke. Hapo madhara hupungua, ila mwenye pumu au kifua kikuu asijaribu bila daktari wake kujua.

Kumeza ni habari nyingine kabisa. Dawa hupita tumboni, ikafika kwenye ini, na ini hugeuza sehemu ya THC kuwa kemikali nyingine inayolevya sawa nayo au kuizidi. Safari hiyo huchukua nusu saa hadi saa mbili, hukolea kati ya saa ya pili na ya nne, kisha hubaki saa sita, nane au zaidi. Mgonjwa anameza saa moja jioni, saa mbili haoni kitu, anaongeza. Saa nne usiku dozi zote mbili zinampanda kwa pamoja: moyo unakwenda mbio, chumba kinazunguka, hofu inamkaba mpaka anaamini anakufa.

Matone ya chini ya ulimi watu huyahesabu kuwa ya haraka, na kweli sehemu fulani huingia kwenye damu kupitia utando wa kinywa. Lakini mafuta mengi humezwa pamoja na mate. Yahesabu kama dawa ya kumeza, uwe salama.

Sasa shika chupa uisome. Tuseme imeandikwa mililita 30 na THC miligramu 300. Gawanya: kila mililita ina miligramu 10. Madaktari wengi humwanzisha asiyewahi kuitumia kwa miligramu 2.5 au pungufu, usiku, yaani robo mililita. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usihesabu matone, kwa sababu matone hayalingani. Kaa na kiasi hicho siku mbili tatu kabla ya kuongeza, na usiongeze zaidi ya alivyokuandikia daktari. Kama chupa haikuandikwa miligramu, usiitumie.

Krimu za kupaka haziingii sana kwenye damu, na ushahidi wake bado ni mdogo.

Nani hasa anasaidika? Ushahidi wa nguvu uko kwa kifafa kikali cha watoto, aina ya Dravet na ya Lennox-Gastaut, ambako dawa ya CBD iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Pia dawa za bangi husaidia kupunguza kichefuchefu cha tibakemikali na misuli inayokakamaa kwa wagonjwa wa multiple sclerosis, ugonjwa wa neva. Kwa maumivu sugu, baadhi hupata nafuu ya wastani. Anayekuambia inaponya saratani anakudanganya, na kukuachisha tiba ya hospitali ni kukuua.

Mtajie daktari dawa zako zote. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya THC na CBD, ritonavir ya VVU inaweza kuongeza ya THC, na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikichanganywa na bangi huweza kupanda mwilini hadi mtu akavuja damu. Mjamzito, aliyewahi kuugua akili akasikia sauti, na mwenye ugonjwa wa moyo wajiepushe na THC. Usichanganye na pombe, usiendeshe gari, na usiifunge kwenye mzigo wa kwenda Dar es Salaam au Bujumbura ukitegemea cheti cha Durban.

Ikimzidi mtu, mlaze pahali tulivu, kaa naye, usimpe kingine. Akizimia, akibanwa kifua, au mtoto akiimeza, piga 10177 au mkimbize hospitali ukiwa na chupa mkononi, na uwaambie wauguzi ukweli wote bila aibu: alitumia nini, kiasi gani, saa ngapi.