Nani aliyewaua Romeo na Juliet?

Katika tamthilia ya Shakespeare, wengi humlaumu Padri Laurence, aliyewaoza kwa siri kisha akampa Juliet dawa ya usingizi. Wengine hulaumu barua isiyofika kwa sababu mjumbe alizuiliwa kwa hofu ya tauni.

Lakini, ndugu msomaji, kwa nini ndoa ifichwe? Wazee wa koo mbili waliwarithisha watoto uadui. Hapo ndipo lawama kubwa ilipo.

Watu wa Njoro wanaelewa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani waligeukiana, na katika Bonde la Ufa waliooana kutoka makabila mawili wakabanwa katikati.

Wazee wa tamthilia walipatana makaburini. Mzazi anayekataa posa kwa sababu ya kabila tu, asingoje kufika huko.