Majeshi Pacha

Jeshi likipambana na jeshi la aina ileile mezani, swali la kwanza ni hili: askari yupi ni wa nani? Wachezaji wa Warhammer, mchezo wa vita wa sanamu ndogo, huweza kupaka vikalio vya askari wao rangi tofauti. Kisumu, kwenye stendi za bodaboda na fuo za wavuvi, wacheza drafti hutumia vizibo vya soda: 12 kifudifudi, 12 chali, basi. Hakuna aliyenunua rangi.

Ujanja huu una bei yake. Kete ikifika mstari wa mwisho na kuwa kingi, huwezi kuigeuza ili kuonyesha cheo, maana ukiigeuza tu imehamia kwa adui. Ndiyo sababu kingi hubebeshwa kizibo cha pili.

Bao la Waswahili lina jibu kali zaidi. Kete zake 64 hazina alama yoyote. Mwenye shimo ndiye mwenye kete. Ajua, bao la Wajaluo, nayo haitofautishi mbegu za huyu na za yule. Hapo vita vyenyewe hubadilika. Kwenye drafti, aliyeliwa ametoka ubaoni. Kwenye bao, kete ulizoteka unazipanda upande wako, na punde zinampiga aliyekuwa nazo. Wajapani wamefika karibu na hapo kwa njia nyingine: kete za shogi, sataranji yao, zina rangi moja, ncha inayoelekea mbele ndiyo inayomtaja mwenyewe, na iliyotekwa hurudi vitani kwa bwana mpya. Mimi naona huo ndio usawa hasa, kwa kuwa askari mwenyewe hana upande.

Je, majeshi yakiwa sawa, ushindi unatoka wapi? Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwa kompyuta kwamba drafti ya Kiingereza, ile ya miraba 64, huisha sare wote wawili wasipokosea. Sheria za vibandani kwetu hazilingani na zile kwa kila kipengele, lakini mantiki ni ileile: anayeshindwa hawezi kusema mwenzake alikuwa na jeshi bora. Huko Kisumu humgeukia mtazamaji aliyesimama nyuma ya mpinzani, akidai ndiye aliyekuwa akimwonyesha njia.